Fedha ya Fidia Kutoka Mahakamani: Ipi Inakatwa Kodi?



Mwezi wa Julai 2024 Serikali yetu ilikubali kulipa dola za Kimarekani milioni 90 kwa sababu ya kilima kimoja cha wilaya ya Nachingwea. Kilima hicho kinaitwa Ntaka. Chini yake kuna madini ya nikeli. Kampuni zenye mwenye hisa mkubwa kutoka Australia zilikuwa na leseni ya kuyashikilia madini hayo mpaka wakati wa kuyachimba utakapofika. Mwaka 2017 Sheria ya Madini ilibadilishwa na aina ile ya leseni ikaondolewa. Mwaka 2018 zikatoka kanuni, na leseni zilizokuwapo zikafutwa. Wenye kampuni wakashitaki mwaka 2020 katika kituo kilicho chini ya Benki ya Dunia, ambacho huamua migogoro kati ya wawekezaji na serikali. Julai 2023 walishinda. Waamuzi waliwapa zaidi ya dola milioni 109. Baadaye pande mbili zikakaa, zikapatana kwa milioni 90, zilipwe kwa awamu tatu.

Kuhusu habari hii watu wamebishana sana nani amekosea. Hayo tunawaachia. Sisi tunataka kujibu swali jingine: mtu akishinda kesi akapewa fedha, je, fedha hiyo inakatwa kodi?

Swali hili si la makampuni peke yake. Ni la mkulima wa Ruangwa ambaye mikorosho yake imeungua kwa moto wa jirani. Ni la mlinzi wa Nachingwea mjini aliyefukuzwa kazi bila sababu. Ni la mama aliyevunjwa mguu na bodaboda akienda mnadani. Wote hawa wanaweza kushinda. Na siku wanaposhinda ndipo maneno ya mitaani huanza.

Mmoja anasema, "Fidia haina kodi, kula fedha yako." Mwingine anasema, "Hiyo Serikali itaikata yote, bora upatane na mtu wako nje, akupe kidogo muachane." Majibu yote mawili yanaumiza. Anayefuata la kwanza anaweza kumaliza fedha yote kwa bati na saruji, kisha akaletewa barua ya deni la kodi. Anayefuata la pili anaacha haki yake kwa hofu ya kodi ambayo pengine haipo kabisa.

Fidia ni kaimu

Tunayo Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Sheria hiyo inatoza mapato ya namna tatu. Ya kwanza ni ajira, yaani mshahara na malipo yanayotokana na kazi ya kuajiriwa. Ya pili ni biashara, na kilimo kimo humo. Ya tatu ni uwekezaji, kama kodi ya nyumba unayompangisha mtu, riba, na faida ya kuuza ardhi.

Sasa fidia inaingia wapi? Sheria inasema, kwa maneno yetu sisi, kwamba fidia huchukua tabia ya kitu inachokifidia. Mwenyekiti wa kijiji akisafiri, anayekaimu hufanya kazi za mwenyekiti. Hawi mhasibu, hawi mgambo. Fidia nayo ni kaimu. Ikikaa mahali pa mshahara, inahesabiwa kama mshahara. Ikikaa mahali pa mazao uliyokuwa uyauze, inahesabiwa kama mauzo ya mazao. Ikikaa mahali pa kitu ambacho sheria haikukitaja kuwa pato, basi nayo si pato.

Kwa hiyo usianze kuuliza, "Fedha hii ni ngapi?" Anza kuuliza, "Fedha hii imekaa mahali pa nini?"

Tukiuliza hivyo kwa ile fedha ya Ntaka, tunaona kwamba haikuwa mahali pa nikeli iliyouzwa. Nikeli ilikuwa bado haijachimbwa. Fedha ilikaa mahali pa thamani ya mradi wenyewe, yaani mali. Halafu linakuja swali la makazi: nchi nyingi hutoza wakazi wake. Kati ya kampuni tatu zilizodai, mbili zimeandikishwa Uingereza na moja Tanzania. Mambo ya kampuni yana mafundi wake. Sisi turudi shambani.

Mikorosho iliyoungua

Mfano huu ni wa kutunga, lakini mambo kama haya yanatokea kila kiangazi. Jirani amechoma pori akaacha moto. Moto umeingia katika shamba la mkulima wetu. Korosho zilizokuwa juu zimeungua, na baadhi ya miti imekufa. Mahakama imeamua alipwe hivi: shilingi 3,000,000 kwa korosho alizopoteza msimu ule, shilingi 2,500,000 kwa miti iliyokufa, na shilingi 1,000,000 kwa usumbufu. Jumla ni shilingi 6,500,000.

Je, mkulima ana pato la shilingi 6,500,000? Hapana. Tuchambue fungu moja moja.

Ile milioni 3 ya korosho imekaa mahali pa korosho ambazo angezipeleka ghala la AMCOS na kuziuza mnadani. Kama angeziuza, zingekuwa mauzo yake. Basi nayo ni mauzo.

Ile milioni 2 na nusu imekaa mahali pa miti. Mti si zao. Mti ni mali inayozaa, kama ng'ombe alivyo mali na maziwa yake ni zao. Fedha hiyo haiingii katika mauzo ya mwaka.

Ile milioni moja ya usumbufu haikukaa mahali pa mshahara, wala mazao, wala riba. Usumbufu hauuzwi mnadani.

Sasa tuhesabu. Tuseme mwaka ule mkulima huyu aliuza korosho zilizosalia na ufuta kwa shilingi 2,500,000. Kwa viwango vya wafanyabiashara wadogo vilivyowekwa mwaka 2019, mtu ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi 4,000,000 halipi kodi ya mapato. Bila ile kesi, angekuwa hadaiwi kitu. Lakini 2,500,000 ukijumlisha na 3,000,000 unapata 5,500,000. Amevuka mstari kwa shilingi 1,500,000.

Hapa ndipo daftari linapoleta faida, na ninyi mliohitimu kisomo mtalifurahia jambo hili. Kwa viwango hivyo, aliyevuka milioni 4 lakini hajafika milioni 7, na hana kumbukumbu za mauzo, alilipa shilingi 100,000 moja kwa moja. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Asilimia 3 ya 1,500,000 ni shilingi 45,000. Tofauti ni shilingi 55,000. Daftari la kuandikia mauzo halifiki hata shilingi elfu tano.

Angalia pia hatari iliyopo. Kama karatasi ya hukumu ingesema tu "alipwe shilingi 6,500,000", bila kueleza ni za nini, nani angemwamini mkulima akisema sehemu yake ilikuwa ya miti? Mtoza kodi naye ni mtu. Anasoma kilichoandikwa.

Mlinzi aliyefukuzwa

Hapa jibu ni fupi, na wengi hawalipendi. Fidia ya kuachishwa kazi inakatwa kodi. Sheria imeyataja malipo ya kupoteza ajira au kusitishiwa ajira kuwa ni pato la ajira. Haijalishi yametoka kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi au yametokana na mapatano nje.

Tuseme mlinzi alikuwa analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, na Tume imempa fidia ya miezi 12. Hiyo ni shilingi 3,600,000. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2020 na 2021, shilingi 270,000 za kwanza katika mwezi hazikatwi, yaani shilingi 3,240,000 kwa mwaka. Kinachozidi hapo, mpaka shilingi 6,240,000 kwa mwaka, hukatwa asilimia 8. Kama mwaka ule mlinzi hana pato jingine, kilichozidi ni shilingi 360,000, na kodi yake ni shilingi 28,800 tu. Lakini kama katika mwaka huo huo alikwisha kupokea mishahara ya miezi sita, yaani shilingi 1,800,000, jumla yake ni 5,400,000. Kodi ya mwaka mzima inakuwa shilingi 172,800, pamoja na ile aliyokwisha kukatwa kwenye mishahara.

Anayekata ni mwajiri, kisha anapeleka Mamlaka ya Mapato, TRA. Ndiyo maana mlinzi anaona fedha iliyomfikia ni pungufu kuliko ile ya uamuzi, naye anasema mwajiri kamwibia tena. Pengine ni kweli kamwibia, pengine si kweli. Dawa ni kudai hati ya zuio la kodi. Ni karatasi inayoonyesha kiasi kilichokatwa. Mwajiri aliyekata kwa haki hawezi kukosa karatasi hiyo. Akiwa hana, nenda nayo habari hiyo ofisi ya TRA, wao watataka sana kujua.

Mguu uliovunjika

Mama yetu aliyegongwa na bodaboda amepewa fedha za namna tatu: gharama za hospitali, maumivu na ulemavu, na kipato alichokosa kwa miezi ambayo genge lake lilifungwa.

Mguu si ajira. Mguu si biashara wala si uwekezaji. Fedha ya maumivu haina mlango wa kuingilia katika yale mapato matatu. Gharama za hospitali nazo zinamrudishia tu alichotoa mfukoni. Kinachobaki ni kile kipato cha genge. Hicho kimekaa mahali pa mauzo, na huhesabiwa pamoja na mauzo yake ya mwaka, kama tulivyofanya kwa mkulima.

Nchi nyingine nazo zimehangaika na jambo hili. Marekani iliamua mwaka 1996 kwamba fedha ya kuumia mwili haitozwi, lakini ya kuumia moyo bila mwili kuguswa inatozwa. Uingereza walikwenda njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1955 mahakama yao ya juu kabisa iliamua kesi ya mhandisi aliyeumia katika ajali ya treni. Kipato alichopoteza kilihesabiwa kuwa pauni 37,720. Majaji wakasema: kama angefanya kazi, kodi ingemla sehemu kubwa, basi apewe kile ambacho kingebaki mkononi. Akapewa pauni 6,695. Yaani kodi ilitolewa kabla fidia haijatolewa, na aliyefaidika ni shirika lililodaiwa. Sisi hatuoni kama huo ni uungwana, lakini hoja yao ilikuwa kwamba fidia isimpe mtu zaidi ya alichopoteza.

Ardhi iliyochukuliwa

Ruangwa siku hizi inatajwa sana kwa madini ya kinywe. Mchimbaji akija, watu huhama mashamba. Fidia ya ardhi mara nyingi hutolewa bila kesi, lakini watu wasiporidhika huenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba au mahakamani. Kwa hiyo tuiseme hapa.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na kanuni zake za 2001, fidia ya ardhi si fungu moja. Ndani yake mna thamani ya ardhi na vilivyomo, mna posho ya usumbufu, mna gharama ya kuhama, mna posho ya makazi, na kwa mwenye biashara mna faida aliyopoteza. Tena ikicheleweshwa kupita miezi sita, inaongezwa riba. Watu wengi huangalia ile jumla ya chini tu, wanaweka dole gumba au saini, basi. Sisi tunasema soma mstari kwa mstari, maana umejifunza kusoma kwa ajili ya siku kama hiyo.

Thamani ya ardhi ni mali. Kodi yake haiwi juu ya fedha yote, bali juu ya faida, yaani kile kilichozidi gharama uliyoipatia na kuiendeleza ardhi ile. Kiwango kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Asiye na kumbukumbu za gharama aliwekewa njia nyingine mwaka 2023, nayo ni asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyothibitishwa, ile iliyo kubwa.

Lakini usishituke bado. Shamba la mtu binafsi ambalo thamani yake sokoni haifiki shilingi 10,000,000, na ambalo limelimwa kwa angalau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho, sheria imeliacha nje. Halitozwi. Nyumba uliyoimiliki mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi, ukakaa ndani yake jumla ya miaka mitatu, nayo imeachwa, kama faida haizidi shilingi 15,000,000. Wakulima wengi wa huku watakuwa ndani ya mistari hiyo. Atakayekuja kukwambia ulipe asilimia fulani ya fidia yako "ili kodi isije juu", muulize: thamani ya shamba langu ni ngapi, na nimelilima miaka mingapi?

Fungu la faida ya biashara iliyopotea ni jambo jingine. Hilo limekaa mahali pa pato, na tabia yake ni ya pato. Na riba ya kucheleweshewa si ardhi, ni riba. Hata mahakamani ni hivyo. Mdaiwa akichelewa kulipa deni la hukumu, mahakama zetu huongeza riba ya asilimia 7 kwa mwaka, au zaidi mpaka 12 kama pande mbili zilikubaliana. Wapo wanaodhani riba hiyo ni fidia tu kwa jina jingine. Uingereza waliibishania hoja hiyo hiyo mpaka mahakama ya juu, na mwaka 1947 majaji wakasema riba ni riba, inatozwa. Sheria yetu nayo inaiweka riba katika mapato ya uwekezaji.

Karatasi yako iseme nini

Haya yote yanaishia kwenye karatasi, na kazi ya karatasi inaanza kabla ya hukumu. Unapoandika madai yako, usiandike "nadai milioni 6 na nusu". Andika korosho kilo ngapi kwa bei gani, miti mingapi, dawa kiasi gani. Mahakama zetu zina msimamo wa siku nyingi: hasara inayohesabika lazima itajwe waziwazi katika madai, na ithibitishwe barabara. Stakabadhi za AMCOS, risiti za hospitali, kurasa za daftari lako, ndizo ushahidi. Fidia ya jumla, kama ya maumivu na usumbufu, hakimu huipima mwenyewe. Ukitaja mafungu, hakimu naye ataweza kuyataja.

Kama mnapatana nje ya mahakama, fanyeni hivyo hivyo katika hati ya mapatano. Andikeni kila fungu na sababu yake. Hapa tuonye: msiyapange mafungu kwa hila. Mlinzi hawezi kuuita mshahara wake "maumivu" na jambo likaishia hapo. Kaimu hajulikani kwa kofia aliyovaa, anajulikana kwa kiti alichokalia.

Ukishapata hukumu, omba nakala yenye mhuri. Nenda nayo ofisi ya TRA kabla hujaitumia fedha, ukaulize. Wengi wanaogopa kwenda, wanaona kama kujipeleka kwa simba. Lakini kodi isiyolipwa kwa wakati huzaa riba na adhabu, na hiyo haingoji mtu aache kuogopa. Kama unatakiwa kulipa, utapewa kontroli namba, ulipe benki au kwa simu. Hakuna ofisa wa kodi anayepokea noti mkononi chini ya mwembe.

Na kama makadirio yao huyakubali, unazo siku 30 tangu upewe uamuzi kuandika barua ya pingamizi kwa Kamishna. Pamoja na pingamizi utatakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kile kiasi usichokipinga, kile kilicho kikubwa. Ukiwa na sababu ya maana ya kushindwa, unaweza kumwomba Kamishna akupunguzie au akusamehe malipo hayo ya kwanza. Pingamizi likikataliwa, ipo Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake lipo Baraza la Rufani za Kodi. Siku 30 huhesabiwa kwa kalenda, pamoja na Jumapili na sikukuu. Basi barua ikifika, andika juu yake tarehe uliyoipokea, siku ile ile, kwa mkono wako mwenyewe.